Kijiji Nilichokiandika Mahame

Chemchem, Tabora
Jumatano, alasiri

Paskali,

Salamu sikuandikii. Uko hapa hapa, umeniamkia asubuhi na nimekuitikia marahaba kwa mdomo mkavu, nawe umekasirika, nami nimekuona ukikasirika. Sasa mmekwenda kumuaga shangazi yako, wewe na mama yako na mjomba wako Kabeho aliyetoka Urambo kwa ajili ya safari yako, na mmeniachia nyumba. Nina muda kuanzia sasa hadi jua kuzama. Nitaandika kwa haraka, na mwandiko ukiharibika univumilie. Mwandiko wangu mzuri ndio ulioniponza, kama utakavyoona.

Sitakwambia ufue mara ngapi kwa wiki, wala ukifika Dar es Salaam umtafute nani. Mama yako amekwambia yote hayo tangu Jumapili, na mengine ameyarudia mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe halipendezi.

Siku ile ulipoingia na barua ya ofisi ya wapima ardhi, majirani walijaa uani. Mama yako alipiga vigelegele. Mimi nilitema mate chini, nikarudi kwenye mbao zangu. Jioni ukanifuata karakana, ukaniambia mbele ya mteja, "Baba, unanionea wivu. Wewe kazi hiyo uliishia kushika mnyororo wa kupimia, mimi nakwenda kuchora ramani." Nikakujibu kwamba kuchora uongo hakuhitaji shule. Ukadhani ni chuki ya mzee aliyechoka. Chuki ninayo, tena nyingi, ila miaka yote hii nimekuwa nikiwatwisha wasiostahili.

Umekua ukinisikia nikimtukana Bwana Pima, yule Mzungu mrefu mwembamba ambaye jina lake la kwao lilitushinda tukamwita kwa kazi yake. Nilikuwa na umri kama wako aliponichukua hapa Tabora, kwa sababu nilisoma kwa mapadri na nilijua kuandika vizuri. Tulipima njia ya kwenda magharibi, kupita Urambo hadi Mto Ugalla, pamoja na kila kijito na kila kijiji kando yake. Babu yako, baba yangu, aliipita njia hiyo hiyo na misafara, mzigo begani, tangu ujana wake hadi bega likaota sugu kama kiazi. Aliniambia, "Njia ile haikupindapinda kwa ulevi. Hapa ilikwepa kisima cha watu, pale makaburi, kule mtemi alikataa." Nilimcheka mzee wa watu. Bwana Pima alikuwa na darubini ya miguu mitatu na alitaka mstari ulionyooka, na mimi nikaona kunyooka ndiyo akili.

Wewe umenijua mzee mwenye vumbi la mbao kichwani. Wakati ule nilikuwa na kaptula ya kaki, buti na kofia. Nilishika kichwa cha mnyororo, mwenzangu nyuma alishika mkia, na mbele yetu watu wenye mashoka na mapanga walifyeka mkuza mwembamba porini ili Bwana aone mbali. Tukifika kijijini natangulia mimi. Nilidai maji, nilidai kuku, nilidai kivuli. Watoto walinifuata wakiimba, nami nilitembea kama vile mnyororo ule niliufua mwenyewe.

Karibu na Urambo mstari wetu uliangukia shamba la mihogo la mzee mmoja. Alinijia taratibu, mkono kifuani. "Mwangaluka, mwanangu," akasema kwa Kinyamwezi chetu. "Mihogo hii ndiyo kwanza ina miezi miwili." Nilimwelewa vizuri kabisa. Nikamjibu kwa Kiswahili cha mjini, "Serikali haili mihogo, mzee. Ondoa." Akaing'oa kwa mkono wake mwenyewe, shina moja moja, akailaza kando kwa adabu kama mtu anayelaza watoto. Bwana Pima alikuwa bado nyuma. Angesogeza mstari hatua kumi kama ningemwomba, maana hakuwa mtu mbaya wa kiasi hicho. Sikumwomba. Nilipenda kuonekana naamuru.

Na wewe watakupa kaptula, au suruali, sijui siku hizi ofisini wanavaa nini. Nguo ya serikali humpanda mtu kichwani kabla hajafunga vifungo. Sikusemi wewe peke yako. Hata barua ile uliishika juu juu mbele ya majirani kama padri anavyoinua kikombe, nikamwona Ludoviko wa zamani, yaani mimi, amesimama uani kwangu. Ndiyo maana nilitema mate.

Mwaka wa tatu wa kazi hiyo nilimwoa mama yako. Kwao ni Ilolanzi, siku mbili kwa miguu kutoka Urambo ukielekea Ugalla, na baba yake ndiye aliyekuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Kila ua ulizungushiwa minyaa, na kulikuwa na visima viwili visivyokauka hata mwezi wa kumi. Wazee wangu ndio waliokwenda kuposa. Mimi sikukanyaga huko.

Umekulia mjini, mila hii unaisikia kama hadithi, basi nikueleze. Kwetu, mume hakutani na mama mkwe wake. Akimwona njiani anaingia porini. Haingii ua wake, hali mbele yake, hataji jina lake, mpaka mke wake azae na mtoto wa kwanza apelekwe kwa bibi yake. Mtoto ndiye anayefungua njia. Wala kumkimbia mkwe si woga. Ni heshima, na ni ya pande zote mbili, kwa kuwa naye akikuona anakukimbia. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mama yako hata mimba alikuwa hajapata.

Kiangazi kile kile mstari ukaelekea Ilolanzi.

Nililigundua hilo asubuhi moja tukiwa juu ya kilima cha mawe. Bwana Pima alipenda kuniachia darubini nitazame. Sasa, darubini zile za zamani humwonyesha mtu kichwa chini miguu juu, utaziona huko, huenda wamezitupa stoo. Nikatazama. Nikaona minyaa. Nikaona paa la nyumba ya mwanangwa, kama mama yako alivyonisimulia, na uani mwanamke anatwanga, kichwa chini, na zile nyuzi mbili zilizokingamana ndani ya kioo zimemkaa katikati. Nilimjua kwa ua aliokuwemo. Nilikuwa nimekwisha mwona mama mkwe wangu, na mkosi wenyewe nimemwona amepinduliwa. Nikaruka nyuma kama niliyeungua. Mstari ungepita jikoni kwake. Mimi, mkwe wa miezi minne, ningeingia pale mapaja wazi, mnyororo mkononi, nikiamuru minyaa yake ikatwe.

"Mbele kuna nini?" Bwana Pima akauliza.

"Mahame, Bwana. Watu walihama zamani."

"Nimeona moshi."

"Warina asali hao. Wanapita tu."

"Una hakika, Ludoviko?"

"Nimeoa huku, Bwana. Napajua."

Tazama nilivyoitia kweli ndani ya uongo ili ukae vizuri. Nikaongeza kwamba kusini kuna tope baya, afadhali tuzungukie kaskazini. Akaniamini. Siku mbili tulifyeka kuizunguka Ilolanzi, na upepo ukigeuka nilikuwa nasikia jogoo wa ukweni kwangu wakiwika. Jioni ya siku ya pili alinipa daftari la vipimo nijaze majina na maelezo, kama kawaida. Nikaandika mwenyewe, kwa herufi zilizonyooka: *Mahame. Hakuna watu.* Akatia saini chini.

Umekwisha jiuliza, nakujua. Kwa nini sikusema tu, "Bwana, leo mnyororo ashike mwingine, mbele kuna mkwe wangu"? Angecheka kidogo, angekubali, mimi ningebaki kambini, na Ilolanzi ingeingia ramanini na visima vyake viwili. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko nilivyosali. Sikusema kwa sababu nilikuwa nimejitahidi miaka mitatu nionekane mbele yake mtu wa kisasa, mtu wa kofia, si mshenzi wa kukimbia wakwe porini. Kwa hiyo niliifuata mila na kuionea haya kwa wakati mmoja. Ningeifuata waziwazi, ningewaokoa. Ningeitupa kabisa nikapita jikoni na kaptula yangu, mama mkwe angefedheheka siku moja, na kijiji kingeokoka. Nilichofanya mimi ni cha katikati, na cha katikati ndicho kilichowaua.

Nyapara wetu, Mzee Sefu, mtu wa hapa mjini, alikuwa amenielewa tangu kilimani. Tulipokaa kula akanisogelea.

"Umemkimbia mkwe, wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Mashallah, una adabu. Na kwenye daftari umeandikaje?"

"Mahame."

Akaacha kutafuna. "Mkwe anakimbiwa kwa miguu, mwanangu. Hafutwi."

"Ni karatasi tu, mzee."

"Karatasi ndiyo itakayorudi huku," akasema. "Wewe hutarudi." Akainuka akaenda kula na wengine, na tangu siku hiyo hakunitania tena.

Kiangazi kilichofuata ikaja amri ya malale. Mbung'o walikuwa wamezidi upande wa Ugalla, na serikali ikaamua kulifunga pori lote lile na kuwakusanya watu kwenye makazi mapya karibu na Urambo. Sisemi malale ilikuwa uongo. Nimewaona wagonjwa kwa macho yangu. Lakini kuhama kulikuwa na utaratibu wake. Kila kijiji kilichokuwa kwenye ramani kilitumiwa mjumbe mapema, watu wakavuna, wakabeba chakula chao, wakafika wakakuta viwanja vimepimwa na vigingi vimekaa. Tulivipima sisi, mimi na Bwana Pima, mtaa kwa mtaa, na barabara imenyooka katikati.

Ilolanzi hakutumwa mtu. Nani anatuma mjumbe kwenye mahame?

Askari walifika huko mwishoni, kuhakikisha pori limebaki tupu. Wakakuta watu, wakawachukulia kuwa wakaidi walioingia baada ya amri. Nyumba zilichomwa siku ile ile, maghala yakiwa yamejaa mtama. Babu yako mzaa mama aliwaambia kwamba yeye ni mwanangwa, na baba yake amezikwa pale uani. Ofisa kijana akakunjua ramani, akaweka kidole: hapa hakuna watu. Kabeho alikuwepo, mvulana wa kuchunga, na kidole hicho umemsikia akikisimulia kila Krismasi. Hajui neno lililokuwa chini ya kidole lilitoka mkononi mwa nani.

Sasa naja kwenye lile ambalo hata padri sikumwambia sawasawa.

Habari zilifika kambini kabla yao. Bwana Pima akaniita hemani kwake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na daftari mezani.

"Ludoviko, uliniambia mahame. Wanasema kulikuwa na kijiji, na mkuu wake. Kama tulikosea, nitaandika leo hii kwa wakubwa, na watapewa viwanja na chakula kama wenzao. Kosa litakuwa letu, mimi na wewe."

Alisema mimi na wewe, Paskali. Mtu niliyemwita mbwa mbele yako miaka ishirini. Alinifungulia mlango na akasimama kando nipite. Nilichotakiwa kusema ni neno moja.

Nikasema, "Bwana, tulipopita hawakuwepo. Watakuwa walihamia baadaye."

Akafunga daftari.

Kwa nini? Niliogopa kufukuzwa kazi. Basi, hakuna sababu nyingine iliyojificha nyuma yake, nimeitafuta. La kwanza naweza kulisingizia mila. Hili la pili halina mila, halina mkwe, halina Mzungu. Nililifanya mimi, mchana kweupe, nimesimama kwa miguu yangu miwili.

Walifika baada ya siku tano, mvua za kwanza zimeanza. Viwanja vizuri vilikuwa vimekwisha. Wakapewa ukingo wa juu wenye mawe, na kwa kuwa hawakuwa kwenye orodha ya waliohamishwa, waliambiwa wapange foleni ya mwisho ya chakula, kikibaki. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya foleni hiyo na fimbo ya kupimia, nasubiri kupanga mtaa wa pili. Foleni ikasogea. Mwanamke aliyekuwa karibu kabisa kufikia gunia akainua uso, akaniona, mkwe aliyekwisha kuonyeshwa kwa mbali, nami nikamwona. Nilikuwa sijawahi kumwona kichwa kikiwa juu. Alivuta kaniki yake akafunika uso, akageuka, akatoka kwenye foleni na kikapu chake kitupu, akaenda zake mbio mbio kuelekea mawe. Alinikimbia. Alinipa heshima yangu kama mkwe, na heshima hiyo ikamnyima chakula cha siku ile.

Ningeweza kuondoka mimi. Ningeweza kukaa nyuma ya lori mpaka apewe. Nilisimama pale na fimbo yangu mpaka gunia likaisha. Mama yako, niliyekuwa nikikaa naye kambini, ndiye aliyempelekea michembe, vile viazi vikavu, jioni.

Babu yako hakuimaliza masika ile. Alikuwa anaumwa kifua, na kwenye mawe yale hapakuwa na nyumba ya kumkinga mtu na mvua. Alizikwa huko huko, mbali na baba yake.

Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Tukakupeleka kwa bibi yako kama inavyotakiwa, na ndipo nilipokaa mbele yake kwa halali kwa mara ya kwanza. Alikupakata, akakutazama vidole, kisha akaniambia bila kuinua macho, "Nilisikia mstari wa Wazungu ulifika mpaka karibu na kwetu, ukageuka. Watu wakaniambia ni mkwe wako kaugeuza, asikukute jikoni. Nilijivuna, baba. Nilitembea kijiji kizima nikijisifu." Mama yako akatabasamu, akanishika bega. Bibi yako alikwenda kaburini akiamini alipata mkwe mwenye adabu kuliko wote wa Unyamwezi.

Unaona, kwamba mstari niliugeuza mimi, ukweni wote wanajua na wananisifia. Wasichokijua ni lile neno nililoandika, na lile nililojibu hemani. Mama yako ameniuliza mara nyingi, hasa kila msimu wa mvua anapomkumbuka baba yake, "Kama mlipita karibu hivyo, kwa nini hamkutuandika?" Nimemjibu miaka yote kwamba Bwana Pima hakutaka kusumbuka na vijiji vilivyo nje ya mstari, kwamba Wazungu hawajali. Ananiamini, na anamlaani yule mtu kwa machungu, na mimi nimekaa kando yake nikiitikia. Wewe nimekulisha chuki hiyo tangu unyonyeshwe. Wazungu wana makosa yao ya kutosha, wala simtetei mtu aliyekuja na mnyororo kupima ardhi ya watu bila kuwauliza. Lakini hili si lake. Hata kazi hakunifukuza kama nilivyokwambia. Niliacha mwenyewe, na aliniandikia barua ya sifa, nikaichoma kwa aibu.

Nisingekuandikia haya kama isingekuwa mambo mawili.

La kwanza, unakwenda mahali daftari lile lilipo. Barua yako inasema wataichora upya ramani ya magharibi, na wachoraji wapya watafanyia kazi vipimo vya zamani. Siku moja utafungua kurasa hizo, na mwandiko wangu unaujua, umejifunzia kusoma juu yake. Sikutaka uyagundue haya peke yako mezani, katikati ya wageni.

La pili ni kubwa zaidi. Pori linafunguliwa tena, na watu wa Ilolanzi wameomba warudi kwao. Kabeho amekwenda boma mara tatu. Mara ya mwisho walimjibu kwamba waliokuwa na vijiji kwenye ramani watarudi, ila Ilolanzi haikuwa kijiji, na kama ana ushahidi aulete. Juzi alikaa hapa hapa barazani akaniuliza, "Shemeji, wewe ulikuwepo. Hakuna hata mtu mmoja aliyetuona?" Nilikuwa nakwangua mguu wa kiti. Nikaendelea kukwangua mpaka nikauharibu.

Ushahidi ni mimi, na ninao. Nikifa nao, ile ardhi itagawiwa wengine, na visima vya bibi yako vitapewa jina jipya na mtu ambaye hajawahi kunywa maji yake.

Kwa hiyo nenda, sikukatazi. Maneno ya wivu nimekusamehe, maana hukuwa umekosea sana. Nilikuonea wivu kweli, si wa kazi. Nilikuonea wivu kwa sababu mikono yako bado haijaandika kitu. Huko utakutana na watu wenye akili ambao hawajawahi kulala porini, wakikuonyesha mahali peupe kwenye karatasi na kukwambia ni patupu. Usiwaamini. Na akija mtu wako mwenyewe, wa lugha yako, amevaa vizuri, akakujibu haraka haraka kwamba pale hakuna watu, huyo ndiye usimwamini kabisa. Muulize anamwogopa nani. Umsikilize mpaka mwisho, wala usimcheke. Labda ana jambo la aibu tu la kwao, na angelisema mapema kama angeona hutamdharau. Mimi nilihitaji mtu wa kuniuliza hivyo. Alikuwepo mmoja, na nikamdanganya.

Ukilipata daftari, tafuta ukurasa wa kilima cha mawe baada ya Urambo, kiangazi cha mwaka niliomwoa mama yako. Usifute kitu. Nakili ulivyokuta, umtumie Kabeho, na barua hii aiweke kando yake. Nimeiandika kwa mwandiko ule ule ili wale wa boma wailinganishe.

Namsikia mama yako njiani. Anacheka, Kabeho kamwambia kitu. Nia yangu ni kuwasomea haya nyote watatu kabla ya chakula, kwa kuwa baadaye huenda hakuna atakayetaka kula na mimi. Nitaanza mwanzo na sitaruka. Nikikwama usinisaidie, na mama yako akiondoka usimzuie. Kesho treni ikishaondoka nitakwenda boma na Kabeho, kama atakubali kutembea na mimi.

Na kama unaisoma hii peke yako ndani ya treni, umeikuta mfukoni mwa koti, basi elewa kwamba nilipowaona mnaingia niliogopa tena, na mama yako hajui lolote. Usiende mbele. Shuka Igalula, urudi hata kwa miguu, umwambie wewe. Wakija kuniuliza, mara hii sitakana.

Baba yako,
Ludoviko